Chungu Kisichokauka

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika karakana ya Fundi lilikuwa kikombe cha chai. Bi Gramu alikileta kutoka upande wa dukani, akakiweka kwenye meza ya kufinyangia, na Fundi alipokigeuza akaona ufa unaoteremka kutoka mdomoni hadi kitakoni.

"Duka zima la vyombo," alisema, "na mimi naletewa kigae."

"Mfinyanzi hulia gaeni," Bi Gramu akamjibu. "Ukitaka kizima, nunua kama wateja wengine."

Wakacheka. Fundi alifinyanga na kuchoma. Bi Gramu aliuza udongo na rangi za kung'arishia vyombo, akizipima kwa uangalifu mkubwa hadi wateja wakambandika jina hilo. Walikuwa wameshakubaliana kuoana. Bi Gramu alikuwa na sharti moja tu, na siku hiyo alilirudia huku akiutazama mlango wa chumba cha nyuma.

"Kile chungu, Fundi. Kiache kikauke, ukichome, tukiweke hata sebuleni. Sikukatazi kumkumbuka. Ila nataka kuolewa na mtu, si na mtu na chungu chake."

"Kesho," alisema Fundi.

Chungu hicho alikikuta siku waliyotoka kumzika mkewe, Mashoto. Kilikuwa juu ya gurudumu lake la kufinyangia, kibichi, kimefika shingoni, bado mdomo. Mashoto alikuwa amelazwa hospitalini wiki kadhaa kabla ya kufa, na udongo ulioachwa wazi hukauka kwa siku moja. Hilo hata mwanafunzi mpya analijua. Fundi hakujiuliza. Alikifunika kwa kitambaa na nailoni bila kukichungulia ndani, kama mtu anavyomfunika aliyelala, na tangu hapo kila asubuhi alikinyunyizia maji kwa chupa ya kupulizia. Udongo ukiwa mbichi, kazi haijaisha. Na mtu ambaye kazi yake haijaisha hawezi kuwa amekwenda mbali.

Kesho yake hakukiacha kikauke. Alikinyunyizia kama kawaida, na alipotoka akamkuta Bi Gramu amesimama mbele ya rafu, mikono kifuani.

"Njoo uone," alisema kwa sauti ndogo.

Vijagi vya maua alivyofinyanga mwenyewe, akijifunza, kwa ajili ya nyumba yao, vyote vilikuwa vimefura tumboni. Kila kimoja kilikuwa kimesukumwa na kidole gumba kutoka ndani, na alama ya kidole ilionekana wazi ukikichungulia. Shingo za vijagi hazikuwa na upana wa kupitisha mkono wa mtoto.

"Ni wewe?"

"Mkono wangu utapitaje hapo?"

"Basi wa nani umepita?"

Fundi akasema huenda ni unyevu. Lakini moyoni alifurahi, na furaha hiyo hakumwonyesha mtu. Mashoto alikuwa na wivu wa kupigiwa mfano. Mteja wa kike akikawia kuuliza maswali, Mashoto alitoka na ndoo akaanza kudeki sakafu kuanzia miguuni pake. Kumbe bado yupo. Kumbe hata kaburini hajakubali kumwachia mtu mume wake. Jioni ile Fundi alikilowesha chungu mara ya pili.

Siku zilizofuata, katikati ya kiangazi kikavu, duka lilianza kunuka kama mvua ya kwanza inapogusa vumbi. Gurudumu la Mashoto likawa linanguruma taratibu, na waya wake wa umeme umelala sakafuni, haujachomekwa popote. Bi Gramu akaanza kukohoa. Alikohoa akiwa amevaa barakoa, alikohoa akiwa ameivua.

"Fundi," alinong'ona siku moja akiwa ameinamia mizani, bila kugeuka, "simama nyuma yangu uniambie kama kuna mtu."

"Hakuna mtu."

"Basi nani ananipumulia shingoni?"

Fundi alitazama. Vinyweleo vya kisogoni mwake vilikuwa vikilala na kuinuka, vikilala na kuinuka.

Siku hiyohiyo, jua likielekea kuzama, shemeji yake akapita, mdogo wake Mashoto. Fundi alimweleza yote, na katika kueleza sauti yake ikaingiwa na majivuno kidogo. "Dada yako hajaacha wivu wake, shemeji."

Shemeji hakucheka. Aliketi karibu naye, akaushusha mkoba wake mapajani.

"Dada yangu ndiye aliyepumuliwa kwanza," alisema polepole. "Hospitalini alinivuta mkono, akaniambia, 'Kuna kitu kwenye udongo kinamtaka mume wangu. Kinanipumulia shingoni.' Nikadhani ni homa. Daktari naye akasema ni vumbi limekaa kifuani. Wewe umefiwa, shemeji. Ningeanzia wapi kukwambia?"

Fundi aliinuka, akapita kati ya magunia ya udongo, akafungua chumba cha nyuma, akaondoa nailoni, kisha kitambaa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akainama kuchungulia ndani ya chungu, kwa sababu Mashoto alifanya kila kitu kwa mkono wa kushoto, na gurudumu lake alilizungusha kinyume cha watu wote, hata mistari ya vidole ndani ya vyungu vyake ilipanda kuelekea kushoto, mistari ambayo Fundi angeitambua kwa kupapasa tu, na mistari aliyoiona sasa, mipya, inayometameta maji, ilikuwa ikipanda kuelekea kulia.

Hakikuwa cha Mashoto. Hakikuwa cha Mashoto hata siku moja. Na yeye alikuwa amekinywesha kila asubuhi kwa mkono wake, akikisalimia kwa jina la mkewe.

Alichukua waya wa kukatia udongo, akauzungusha shingoni mwa chungu, akavuta.

Dukani Bi Gramu alipiga ukelele uliokatika katikati. Fundi alikimbia, akamkuta ameanguka kando ya mizani, mikono yote miwili shingoni, na shemeji anamtikisa akilia, "Hapumui! Shemeji, hapumui!" Kwenye pembe ya midomo ya Bi Gramu ulichuruzika uji wa kijivu wa udongo. Fundi alielewa. Alirudi mbio, akakiinua kipande kilichokatwa, akakirudisha mahali pake, akakipaka udongo mwepesi kwenye maungio na kuubonyeza kwa vidole, akinong'ona, "Basi, basi, nimekosa, basi," na kadiri ufa ulivyofungika ndivyo alivyosikia, upande wa pili wa ukuta, pumzi ya mwanamke ikirudi.

Asubuhi yake Fundi alifunga vitu vyote vya Bi Gramu katika mfuko, akamngoja mlangoni. Alisema kwa sauti kubwa, ili isikike hadi chumba cha nyuma.

"Usiingie. Sikutaki tena."

"Fundi, umeamkaje leo?"

"Nina mwenzangu. Kwako nilikuwa najiliwaza tu."

Bi Gramu akainua kidevu. Shingoni mwake palikuwa na mstari mwembamba, mwekundu, ulioizunguka yote.

"Jana nilikufa humu dukani mwako," alisema, "na leo wanifukuza?"

"Nenda."

Akauchukua mfuko. Alipofika ng'ambo ya barabara lori lilikuwa limeziba njia, na Fundi akamsikia akimkaripia dereva, maneno makali, marefu, bila kukohoa hata mara moja. Aliisikiliza sauti hiyo mpaka ikapotea.

Kisha alifunga duka kwa ndani, akajaza chupa maji, akaingia chumba cha nyuma. Harufu ya mvua ya kwanza ilimpokea. Kitambaa kilikuwa tayari kimelowa, na kilikuwa na joto kama la mwili wa mtu. Vinyweleo vya kisogoni mwake vikalala, vikainuka.

"Ameondoka," alisema. "Sasa mwache."

Akaanza kunyunyizia.