Mgeni Kwenye Turubai

Jua lilikuwa linazama Mama Fremu alipofika kwenye nyumba moja kuchukua picha ya zamani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza fremu, na ugonjwa wake ulikuwa kukusanya picha za kale za watu asiowajua. Hakuwahi kuolewa wala kuzaa. Watu walimwita Mama Fremu kwa utani, wakimaanisha kwamba hizo fremu ndizo watoto aliojaliwa. Alicheka nao. Akifika nyumbani hakucheka.

Mwenye nyumba, mwanamume mnene aliyevaa suruali ya ofisini na kandambili, alikuwa anajiandaa kuhama. Akamkabidhi picha ikiwa imefungwa shuka.

"Chukua tu, mama, sitaki kitu. Ila usiisafishe."

"Mimi nasafisha picha tangu wewe hujaota meno, mwanangu."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia."

Alipoifungua kwake, moyo ulimdunda kwa furaha. Rangi za mafuta juu ya turubai la mchoraji, na mkono ulioifanya ulijua kazi. Baba, mama na watoto wawili walikuwa wameketi. Katikati yao, mahali pa kumtosha mtu mzima, palikuwa na weusi mtupu. Picha nzima ilikuwa na nyufa nyembamba za uzee, lakini pale kwenye weusi palikuwa laini. Kulikuwa na mtu aliyefunikwa kwa rangi baadaye. Na wale wanne walikuwa wamefumba midomo kwa nguvu, kama watoto wanaokataa dawa.

Akaitundika sebuleni pamoja na nyingine. Kuta zake zilijaa nyuso, na wote alikuwa amewapa undugu: mwenye pua iliyopinda alikuwa mjomba, mwenye mkufu alikuwa bibi. Tena alikuwa na desturi moja ambayo hakumwambia mtu. Kila alipotoka karakana jioni, alisimama mlangoni kwake, ufunguo mkononi, akabisha hodi. Kisha akaingia bila kuitikiwa. Upweke ni uvundo, wanasema, na kila mtu ana dirisha lake la kufungua.

Siku chache alijizuia. Lakini mwonyeshe mkusanyaji kitu kilichofichwa, umemnyima raha. Jioni moja akachovya pamba kwenye spiriti, akaanza kufuta polepole... Weusi ukahamia kwenye pamba. Harufu ikajaa chumbani, na haikuwa ya spiriti peke yake. Ilikuwa harufu ya pumzi ya mtu aliyetoka usingizini.

Mkono ukatokea. Koti. Shingo. Macho. Mwanamume, si kijana, si mzee. Halafu mdomo.

Mdomo ulikuwa wazi.

Mama Fremu akarudi nyuma. Katika picha zote alizowahi kushika, hakuwahi kukuta mdomo wa namna ile. Mtu alikaa mbele ya mchoraji saa nyingi; nani angekubali kuachama kutwa nzima? Huyu alionekana amekatizwa katikati ya neno.

Kesho yake jioni akasimama mlangoni kama kawaida.

"Hodi."

"Karibu..."

Sauti ya chini. Kutoka ndani.

Ufunguo ukamdondoka. Mtu mwingine angekimbia, na angefanya la maana. Mama Fremu alilia. Tangu mama yake afariki, hakuna aliyewahi kumwitikia mlangoni. Akajifuta machozi kwa kiganja.

"Nimekaribia," akasema, akaingia.

Ikawa hivyo kila jioni. Sauti haikuwa na maneno mengi. Umekula? Leo umechoka. Kaa. Naye akakaa, akaisimulia mambo ya mbao na gundi na wateja wasumbufu, akacheka hadi mbavu zikamuuma. Akaanza kufunga karakana mapema. Alikuwa na furaha, na tusimwonee, ilikuwa furaha ya kweli.

Ila koo lilianza kumkauka. Akasingizia vanishi, akanywa maji ya moto na asali. Sokoni muuza nyanya akamwambia, "Mama, mbona unaninong'oneza? Nyanya hazina siri." Ile sauti ya ukutani, kwa upande wake, ilizidi kunenepa.

Jumatatu akapigiwa simu na binti wa kaka yake, ndugu wa pekee aliyebakiwa naye, mwalimu katika mji wa mbali. Alipiga kwa nadra, na siku zote alikuwa na haraka.

"Shikamoo, shangazi. Sauti imefanya nini?"

"Marahaba. Mafua tu."

"Hayo si mafua. Nakuja Jumamosi kukuchukua, tuje tukae wote huku. Usinikatalie."

Simu ilipokatika, Mama Fremu akaitazama ile picha, akakumbuka kwamba alikatazwa kuisafisha. Sasa alikuwa na mtu wa kuzungumza naye, mtu mwenye damu. Sauti yake aliihitaji.

Jumanne jioni akarudi kwa yule mwanamume mnene. Alipomsikia akisalimia, mwanamume akajikalisha juu ya sanduku.

"Umeisafisha."

"Ni nani yule?"

"Hatumjui. Bibi yangu alikuwa mpweke sana, akizungumza na kuta. Siku moja ukuta ukamjibu. Akafurahi, akazoea. Baadaye akaletwa mchoraji, akachora watu wanne. Rangi ilipokauka, walikuwa watano."

"Anataka nini?"

"Sauti. Yeye hana yake. Baba yangu alikuwa mtoto mdogo, akipiga naye soga. Mimi nimelelewa na baba bubu, mama."

"Kwa nini hamkuichoma?"

"Tuliitia motoni. Ikalia kwa sauti ya mtoto. Baba akaitambua, ilikuwa yake. Akaingiza mikono kwenye moto akaitoa." Akainuka kutoka kwenye sanduku. "Tukampaka weusi, akanyamaza. Nenda umpake tena, leo hii. Anza na mdomo."

Jioni ile hakubisha hodi. Akawasha taa, akachanganya weusi. Anza na mdomo, aliambiwa. Akaanza na viatu. Alijiambia mkono unahitaji kuzoea kwanza. Akapaka koti, akapaka mkono, akayafunika macho. Kila alipopaka, nyumba ilizidi kunyamaza, na ukimya ule aliujua vizuri mno.

Ukabaki mdomo.

Akainua brashi.

"Ukimaliza..." mdomo ukanong'ona, "kesho utabisha kwa nani?"

Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Jioni tatu za kufungua nyumba isiyo na mtu. Alikuwa amezifungua jioni kama hizo maisha yake yote, na hizi tatu zikamshinda.

Akaitumbukiza brashi ndani ya kopo. Mpaka Jumamosi tu, akajiambia. Jumamosi asubuhi nitamalizia.

Simu ikalia.

"Shangazi? Nimeshapata tiketi."

Mama Fremu akafungua kinywa. Ikatoka pumzi.

Pumzi tupu.

"Shangazi, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu."

Ilitoka ukutani. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nzima, pamoja na kicheko chake.

"Nimepona kabisa. Usijisumbue na safari."

Mama Fremu akagonga meza kwa ngumi. Akagonga tena. Akaikwaruza simu kwa kucha.

"Kelele gani hizo, shangazi?"

"Wageni hao. Siku hizi nyumba yangu imejaa watu, hata pa kukulaza sina."

Binti akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo ambao hakuwahi kuutaka.

"Afadhali, shangazi. Maana hapa kwangu penyewe ni padogo, sikujua hata tungebananaje. Basi nitakuja siku nyingine." Akaaga kwa haraka, kama kawaida yake.

Angeweza kumwandikia ujumbe. Vidole bado vilikuwa vyake. Alikaa na simu mapajani, akafungua mahali pa kuandika, akapatazama. Aliifikiria ile pumzi ya binti, jinsi ilivyokuwa ndefu. Mwanga wa simu ukazimika.

"Sogea karibu," ikasema sauti yake.

Akasogeza kiti.