Gari Lililobaki Zima

Jua lilikuwa limeshagusa vichwa vya miti Kyembe alipotoka nyumbani, gari kwapani.

Lilikuwa gari la urefu wa mkono, kiwiko hadi ncha za vidole, naye alikuwa amelifunga kwa kitenge cha mkewe. Kesho ndiyo arubaini ya pili ya mwanawe Mushima, ile ya kutimiza mwaka. Ndugu wangekuja kula nshima, ugali wa kwao, na kunywa munkoyo, togwa ya mahindi na mizizi, kisha waende wote makaburini. Kyembe alitaka gari likeshe pale juu ya kaburi, liwasubiri wageni.

"Baba Mushima!" mkewe akaita kutoka jikoni. Alikuwa ameinama juu ya pipa la munkoyo, mwiko mkononi. "Umelitoboa?"

"Nimelitoboa."

"Mbona sijaona tundu?"

"Lipo chini, kwenye chesisi. Ulitaka nilitoboe usoni?"

Mama Mushima akaendelea kukoroga.

Uongo. Uongo mtupu, na mtu mzima yule, mvi kichwa kizima. Mji wote wa Solwezi mtoto mdogo anajua kwamba kikombe unachomwachia marehemu unakitoboa kwanza, sahani unaitoboa, beseni unalitoboa. Kitu lazima kife ndipo kimfikie mwenyewe. Ukikiacha kizima, hakina mwenyewe. Maiti yeyote aliye jirani anaweza kunyoosha mkono akakichukua.

Kyembe aliyajua hayo yote. Lakini, jamani, ungeliona gari lenyewe!

Mchana alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari ya watu. Jioni alikuwa na haya magari yake madogo, ambayo hakumuuzia mtu wala kumpa mtoto kuchezea. Hili la mwisho lilimla mwaka mzima. Ilikuwa ile pikapu nyekundu aliyoanguka nayo Mushima akafa, na kila kipimo cha ile kubwa alikuwa amekipunguza sawasawa, hata unene wa bampa. Bodi aliikata kwenye makopo ya maziwa. Matairi aliyachonga kwenye soli za ndala, meno yake kashata kwa kashata, kwa wembe. Usukani ukiuzungusha, magurudumu ya mbele yanapinda. Viti vilikuwa viwili, vya ngozi ya kiatu. Milango ilikuwa na bawaba, ila wa abiria ulimshinda, kila akiutundika unapinda. Mwisho alikasirika akaulehemu kwa risasi ya kuyeyusha ukafungika moja kwa moja.

Alipoishika keekee ili alitoboe, mkono ulikataa. Aliigusisha kwenye bati, akaiondoa. Akasema moyoni, mwanangu hawezi kupanda gari lenye tundu. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Ukweli ni kwamba alikuwa amelipenda.

Makaburini hapakuwa na mtu. Alilifungua gari, akaliweka kwenye saruji upande wa kichwani, pua ikielekea barabarani. Akapangusa vumbi kwenye boneti kwa ncha ya kitenge.

"Mushima," akanong'ona. "Hilo lako. Hili halianguki."

Akasimama kuondoka. Ndipo alipoisikia harufu.

Ugoro...

Ugoro uliosagwa na majivu, ule mkali wa kuchoma pua. Hapakuwa na upepo, na harufu ilikuwa karibu, kana kwamba mtu amefungua kikopo chake begani kwako. Kyembe hakugeuka. Alijua upande ule kuna nini. Kule pembeni, karibu na kichuguu, palikuwa na tuta la udongo lisilo na msalaba, lisilo na kikombe wala kijiko. Alilala pale Dolika, dada yake, mkubwa wake wa tumbo moja. Katika maisha yake yote Kyembe hakuwahi kumwona mtu mwingine akinusa ugoro wa namna ile.

Akaondoka kwa hatua ndefu. Nyuma yake, kwenye kokoto, kitu kidogo kikalia.

Krr... krr... krr.

Kikanyamaza.

Panya, akajiambia. Akakaza mwendo.

Habari ya Dolika mtaani ilikuwa haisemwi tena, lakini kila mtu aliijua. Siku ya kumzika Mushima, vijana wanne walilibeba jeneza begani na wazee wakamwambia marehemu, "Tuonyeshe aliyekuua." Ndivyo inavyofanywa. Wabebaji hawaongozi, wanaongozwa, na nyumba ambayo jeneza litaigonga mlango ndiyo nyumba ya mchawi. Jeneza likayumba kushoto, likayumba kulia, likakimbia nao hadi kwa Dolika. Likaugonga mlango. Likarudi nyuma, likaugonga tena. Likarudi, likaugonga mara ya tatu, na bawaba zikang'oka.

Bibi wa watu alitoka na kikopo cha ugoro mkononi. "Sanduku lina mdomo?" akauliza. "Nyie vijana, nimewapokea wengi wenu mkizaliwa. Sanduku lina mdomo?" Akamtafuta Kyembe kwa macho. "Mdogo wangu, waambie."

Kyembe alitazama chini.

Walimchomea nyumba jioni ileile. Alihamia kwenye kibanda cha jiko la watu, nje ya mji, na baridi ya Juni ikammaliza. Walimzika watu wanne na mbwa.

Asubuhi ya arubaini wageni walijaa uani. Waliimba hadi makaburini, Mama Mushima mbele. Kufika kwenye kaburi, saruji ilikuwa tupu.

"Gari liko wapi?" mkewe akauliza.

"Niliweka hapa. Hapa hapa!"

"Wezi," akasema Kapiji. Huyu alikuwa mdogo wake Kyembe wa mama mwingine, mtu wa suti na sauti kubwa, ambaye sasa alikuwa amelima mahindi kwenye kiwanja kilichokuwa cha Dolika. "Siku hizi hata wafu wanaibiwa. Tuendelee na sala."

Watu wakainamisha vichwa. Kyembe alikuwa anatazama chini pia, lakini hakuwa anasali. Kwenye vumbi, kutoka kaburini kwa mwanawe, zilianzia alama mbili nyembamba za matairi. Kashata zake alizijua, kwa sababu alizichonga kwa mkono wake mojamoja. Zilikata kati ya makaburi, zikapinda vizuri kama zinavyopinda za dereva anayejua kazi, zikaenda hadi kule kwenye kichuguu.

Zilisimama ubavuni mwa tuta la Dolika.

Kisha zilitoka tena, zikaelekea mjini.

Akasogeza mguu akazifuta zile zilizokuwa karibu naye. Mkewe alikuwa anamtazama.

Siku ilikwenda. Watu walikula, wakanywa, wakaanza hata kucheka kidogo, kama inavyokuwa machozi yakishapungua. Jua lilipoanza kuzama walikuwa wamekaa duara uani, vikombe mkononi. Kyembe alikuwa hajala. Kila mara alitazama njia ya kuingilia.

"Kaka, una nini wewe?" Kapiji akamtania. "Gari la makopo tu hilo! Utatengeneza lingine, au umri umekukataza?"

Watu wakacheka.

Krr... krr... krr.

Kicheko kikakatika.

Liliingia taratibu kupitia pengo la uzio, pikapu nyekundu, ndogo, safi. Hakuna waya. Hakuna kamba. Hakuna mkono.

"Heee! Fundi, umelitia betri?" mzee mmoja akauliza. Yeye mwenyewe alikuwa ameshanyanyua miguu juu ya kigoda.

Gari likapita katikati yao. Likafika kwenye viatu vya Kapiji, likapunguza mwendo. Kapiji alikauka, kikombe mdomoni, munkoyo ukimdondokea kwenye tai. Likasimama hapo kidogo... kisha usukani ukazunguka wenyewe, matairi ya mbele yakapinda, likamkwepa.

Likaenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa Kyembe.

Likaugonga.

Likarudi nyuma, polepole. Likaugonga tena.

"Hapana," akasema Kyembe.

Likarudi nyuma mara ya tatu, na safari hii lilirudi mbali, hadi karibu na moto, kisha likaja kwa kasi. Kishindo kilikuwa kikubwa mno kwa kitu cha makopo. Mlango ukatetemeka, vumbi likamwagika kutoka kwenye fremu. Uani kote ikasambaa harufu ya ugoro, kali, watu wakaanza kupiga chafya.

Kyembe alizitazama nyuso za majirani. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amezitazama nyuso hizohizo, lakini kutoka upande wa pili.

"Jamani," akasema, "hiki ni kidude tu. Nimekitengeneza mimi. Gari la makopo lina mdomo?"

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Alama imesema," akasema Kapiji haraka, sauti ikiwa imemrudia. "Mnaona wenyewe. Ameua mtoto wake huyu! Leteni mafuta ya taa!"

"Kapiji!" Kyembe akafoka. "Wewe? Wewe wa kusema hivyo? Lile jeneza nani aliwapanga vijana? Nani aliwapa pombe usiku wa matanga, akawaonyesha njia ya kupita hadi kwa Dolika? Ulikuja ukaniambia mwenyewe: Kaka, kesho jeneza litakwenda kwa yule bibi, wewe nyamaza tu. Halikutembea lile! Lilisukumwa!"

Mmoja wa wale vijana wanne alikuwepo. Akaweka kikombe chini, akafunika uso kwa viganja.

Mama Mushima alisimama. Alisimama kwa shida, akishika magoti.

"Alikuambia usiku?" akauliza. "Kabla?"

Kyembe akatazama chini.

"Baba Mushima, nakuuliza. Ulijua kabla?"

"Mwanangu alikuwa amekufa," Kyembe akanong'ona. "Breki zilikatika tu, Mama Mushima. Breki! Nitamchukia nani? Breki? Nilitaka awepo mtu..."

"Wifi Dolika ndiye aliyempokea Mushima. Mikono ya kwanza kumshika mwanangu ilikuwa yake. Nami nilikaa siku ile nikaitazama nyumba yake ikiungua, nikasema moyoni, ungua. Kwa sababu wewe ulinyamaza nikadhani umekubali. Mtu na dada yake, nikasema, angemjua." Sauti ilikuwa ndogo, lakini uani hapakuwa na nyingine. "Umenifanya nimchukie bure. Sina hata pa kwenda kumwomba radhi."

"Mbona haliendi kwa Kapiji?" Kyembe akalia. "Yeye ndiye aliyepanga! Mbona kwangu?"

"Kapiji hakulelewa naye," akasema mkewe.

Akaingia ndani. Akatoka na furushi la nguo kichwani, akalivuka lile gari pale kizingitini kama mtu anayevuka mtoto aliyelala, akaenda zake na ndugu zake. Hakutazama nyuma.

Hakuna aliyechoma nyumba. Afadhali wangechoma! Waliinuka tu mmojammoja, wakaacha vikombe vimejaa, wakaondoka bila kuaga. Kapiji alikuwa ameshatoweka, na hadi leo mahindi yake pale kiwanjani yamekauka bila wa kuyavuna.

Kyembe alibaki peke yake na gari lake.

Aliichukua keekee. Safari hii mkono haukukataa. Akaligeuza gari tumbo juu, akalitoboa chesisi kwa nguvu, akalia huku anazungusha. "Kufa," akasema. "Kufa basi. Kufa."

Tundu likafunguka. Kikamwagika kitu kwenye goti lake, kikavu, cha rangi ya udongo. Alikijua kabla hajakinusa.

Ugoro.

Akalipeleka gari makaburini usiku uleule, akaliweka juu ya tuta kule kwenye kichuguu, akapiga magoti. Alisema yote aliyopaswa kuyasema mwaka mmoja kabla, alisema hadi koo likakauka. Labda alikuwa amechelewa kulitoboa. Watu wa kule wanasema kitu kikishachukuliwa kizima, hata ukikiua baadaye ni kazi bure, kwani kimeshapata mwenyewe.

Kwa sababu kesho yake, jua lilipogusa vichwa vya miti, alikuwa jikoni akihangaika kusonga nshima ya mtu mmoja, akasikia kokoto zikilia uani.

Krr... krr... krr.

Halikugonga. Lilisimama kizingitini, ubavu ukimwelekea. Kyembe aliinama, akachungulia kwenye kioo kidogo cha mbele alichokikata yeye mwenyewe. Ndani hapakuwa na mtu, ila harufu ya ugoro. Lakini ngozi ya kiti cha dereva ilikuwa imebonyea, kama kiti kilichokaliwa na mtu mzito aliyechoka.

Kiti cha abiria kilikuwa kitupu.

Na ule mlango wake, ule alioulehemu kwa risasi ukafungika moja kwa moja, ulikuwa unafunguka kuelekea kwake, taratibu, bila kupinda hata kidogo.