Mwendo wa Bibi Kutu

Bibi Kutu alitokea kwenye ukungu kama kawaida yake, mguu wa kulia ukitangulia na wa kushoto ukiburuzwa kidogo, na ukumbi mzima ukabana pumzi. Alipita katikati ya viti. Alikohoa, akafuta mdomo kwa mgongo wa kiganja, kisha akainamisha kichwa upande kumtazama msichana mmoja wa safu ya mbele, ambaye alijikunyata na kumng'ang'ania mwenzake huku akicheka kwa woga. Mtangazaji akabonyeza kitufe. Yule mzee akayeyuka, yakabaki matone madogo ya maji kwenye nywele za watu.

Hiyo ndiyo runinga-ukungu. Ile iliyokuwa kioo bapa ukutani katika nyumba za wazazi wa watu hao, sasa ilikuwa kijisanduku cha ukubwa wa birika, kinachopuliza mvuke mwembamba sebuleni. Ndani ya mvuke huo miale ya mwanga ilichora watu wenye kimo na kivuli, hata na harufu. Mhusika hakukaa tena mbele yako. Alipita ubavuni mwa kochi lako, akakanyaga zulia lako. Na katika tamthilia zote zilizopulizwa kwenye sebule za nchi, vijana hawakupenda nyingine kama walivyopenda Kidato cha Usiku, habari za wanafunzi wa bweni fulani la milimani ambao, taa zikishazimwa, walirudi darasani kufundishwa uchawi. Bibi Kutu ndiye aliyekuwa adui yao. Alikula vivuli vya watoto.

Mhandisi Asajile Mwakatumbula alikuwa ameketi jukwaani siku hiyo, pale Dodoma, akiwa mgeni wa kipindi cha Nyuma ya Ukungu, ambamo watengenezaji wa tamthilia huja kuwapa mashabiki siri za kazi. Waigizaji walikuwa wamekwisha kusema zao: kwamba ile damu ya fisi ilikuwa juisi ya rozela, kwamba kiranja mkuu wa wachawi anaogopa paka. Watu walicheka, wakapiga makofi. Asajile hakuzoea makofi. Yeye alikuwa mtu wa mitambo, tena mtambo mmoja tu, Mfinyanzi, ambao kazi yake ni kuumba wahusika wasio na mwigizaji. Mfinyanzi haukubuni mwendo kutoka hewani. Ulipewa mtu wa kweli, ukamsoma mifupa, pumzi na mazoea yake, ndipo ukamfinyanga mwingine juu yake.

Mtangazaji akamuuliza ni jambo gani kuhusu Bibi Kutu ambalo hakuna shabiki anayelijua.

Asajile alieleza kwamba walijaribu waigizaji wengi, lakini mtambo uliukataa uzee wa kuigiza. Kila mmoja alitembea kama kijana anayejifanya mzee. Angeweza kuishia hapo. Lakini ukumbi ulikuwa umetulia ukimsikiliza, na yule msichana wa mbele alikuwa amemkodolea macho, na utamu wa kusikilizwa ukamlegeza ulimi.

"Bibi Kutu ni mtu kweli," alisema. "Ni mama yangu mkubwa. Yuko kwetu Tukuyu, anaishi peke yake na migomba yake."

Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Asajile alirudi nyumbani akijiona mtu mkubwa.

Mama Tupokigwe alikuwa dada wa mama yake mzazi, naye ndiye aliyemlea tangu mama huyo alipofariki. Asajile alikuwa amempelekea kinakilishi, kile kifaa cha kusoma mwili wa mtu, wakati wa likizo moja ya Pasaka. Alimwambia anataka kumhifadhi, ili wajukuu watakaozaliwa baadaye wamwone bibi yao alivyotembea na alivyozungumza. Na wakati anayasema hayo aliamini kiasi fulani kwamba ni kweli. Mama akaenda kuoga, akajipaka mafuta, akavaa kitenge chake cha kanisani, akatembea uani kwenda na kurudi mpaka magoti yakamuuma. Aliporudi kazini Asajile alimkuta bosi wake amekata tamaa ya kumpata Bibi Kutu, basi akaupa Mfinyanzi mwendo wa Mama. Wachoraji waliubadilisha uso. Alijifariji kwa hilo: uso si wake.

Baada ya kile kipindi ilipita miezi bila habari. Kisha Gwantwa, binti wa Mama Tupokigwe aliyeolewa Kyela, akampigia simu. Hakumsalimu kwa jina la utani kama walivyozoea. Alimweleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia na kumaliza. Zahanati, mama akiketi kwenye benchi, wenzake wanahama. Kwaya imemwomba apumzike kwa kuwa watoto wa Jumapili wanalia wakimwona. Vijana wanatoka Mbeya kwa treni ya umeme, wanasimama nje ya ua, wanamwomba akohoe. Na juma lililopita, mama akiwa kanisani, mtu alilitia moto jiko lake la nje.

"Watu wale wamemwona akipita ndani ya nyumba zao," Gwantwa alisema. "Wamemwona anakula watoto wao sebuleni. Utawaambia nini?"

Asajile alikwenda kwa mkurugenzi, mwanamke mpole aitwaye Bi Rukaya, akamwomba amwondoe Bibi Kutu. Bi Rukaya alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akamkumbusha jambo ambalo Asajile alilijua kuliko yeye: Mfinyanzi ulikuwa umekwisha kumchanganya yule mzee katika kila sehemu ya tamthilia, kama chumvi kwenye mchuzi, na mtambo haukujengwa kusahau.

"Wewe ndiye uliyeujenga hivyo," alisema, bila ubaya wowote.

Kwa hiyo akapanda treni kwenda Tukuyu bila kitu mkononi, si dawa wala jibu. Njia nzima alipanga maneno ya kuomba radhi. Mama Tupokigwe alimpokea mlangoni. Akaitikia shikamoo yake, akamwuliza habari za mkewe na watoto, akamwekea ndizi za nyama na maziwa mgando. Alipika ndani sasa, na moshi ulikuwa umeshika dari na kuyafanya macho yake mekundu. Asajile alikula akiwa ameinama. Kila neno alilolipanga alilimeza pamoja na tonge.

Mama ndiye aliyeanza. Alisema kila mtu ameiona hiyo picha isipokuwa yeye, naye anataka kuiona.

Asajile alimwambia haina maana. Mama akasema tena, taratibu, kwamba anataka kuiona. Basi akatoa kijisanduku chake cha safari, akakiweka juu ya kigoda, na mvuke ukajaa chumbani. Bibi Kutu akatoka ukutani akiburuza mguu, akapita kati yao, akaenda kumwinamia mtoto aliyelala. Wazee wawili mle ndani walikohoa kwa pamoja, mmoja wa mwanga na mmoja wa nyama, na Asajile akatamani ardhi immeze. Kivuli cha mtoto kilipoanza kutafunwa alinyoosha mkono kuzima. Mama akamzuia.

Ilipokwisha, walisikiliza mvua juu ya bati.

"Mguu ni wangu," Mama Tupokigwe alisema hatimaye. "Na mkono ni wangu." Akajifuta unyevu usoni. "Lakini nilivaa kitenge cha kanisani siku ile. Mbona hawakunionyesha nacho?"

Asajile alifumbua kinywa. Alitaka kumwambia kwamba hawakuwa wao, alikuwa yeye. Kwamba alimdanganya, kisha akajisifu kwa uongo huo mbele ya watu. Aliyasema, vipande vipande, bila kumtazama. Alimwomba aende naye Dodoma, ambako hakuna anayemjua. Mama alisikiliza yote. Hakumlaani, wala hakumwambia yameisha. Alisema tu kwamba hawezi kuiacha migomba, na kwamba asubuhi ana zamu ya kupimwa presha zahanati. Kama anataka, amsindikize, kwa sababu siku hizi ile njia inamwia ndefu.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Asajile alitaka kuita gari. Mama akasema amekwenda kwa miguu maisha yake yote, hatajificha leo. Wakatoka, Asajile amemshika mkono. Mwanamke aliyekuwa akifagia uwanja wake aliwaona, akaingia ndani na kufunga mlango. Mama akausalimia mlango. Asajile aliubana ule mkono uliokauka, akajiapia moyoni kwamba yeyote atakayesema neno, atamjibu yeye.

Kwenye kona ya barabara ya lami kulikuwa na wanafunzi wa sekondari, wamevaa miwani ya kunasa picha, ile ambayo vijana wa siku hizi hawaivui hata wakila. Walimwona Mama, na taa ndogo nyekundu zikawaka kwenye miwani yao. Mmoja akaanza kutembea akiburuza mguu. Mwingine akapaza sauti kuuliza huyo jamaa aliye na Bibi Kutu ni nani.

Asajile alijiandaa kujibu. Alikuwa na jibu. Ndipo alipotambua kwamba mkono wake ulikuwa mtupu. Hakukumbuka alipouachia ule wa Mama. Yeye mwenyewe alikuwa amebaki nyuma, ng'ambo ya barabara, uso ameugeuzia kwenye mashamba ya chai kama mpita njia yeyote, pale ambapo picha isingemfikia.

Mama Tupokigwe akasimama. Hakuwatazama wale vijana. Aligeuka kumtafuta yeye, akamwona alipo, akaelewa. Alisimama vilevile katikati ya njia, taa zile nyekundu zikimmulika, akimngoja.