Jicho la Fundi Saa

Kila jioni, akishamaliza kuosha vyombo na kabla mdogo wake hajaanza kudai hadithi, Kifutio aliketi kwenye meza ya dirishani na kuchora. Jina hilo la Kifutio si la kwenye cheti. Alipewa darasani, kwa sababu alifuta kuliko alivyochora. Alifuta mpaka karatasi ikapauka, ikalegea, ikatoboka.

"Kifutio chako kinakonda kila siku, maskini," jirani yake wa dawati alizoea kumtania. "Kipe likizo, mwenzangu!" Msichana huyo wenzake walimwita Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzimwa.

Meza ya dirishani ilikuwa ya babu. Babu alikuwa fundi saa, na ingawa alikwisha kufariki, mbao za meza yake bado zilinukia mafuta ya saa, na makovu ya bisibisi yalikuwa palepale. Ukutani juu yake ilitundikwa picha ya babu, nayo ilikuwa ya pekee iliyoonyesha uso wake. Mzee yule hakupenda kupigwa picha. Kwenye simu ya mama zilikuwapo nyingine, lakini zote zilionyesha kipara kinachong'aa, kimeinamia saa ya mtu.

Basi siku moja ilinyesha mvua kubwa, maji yakapenya kwenye paa na kuteremka ukutani, yakaingia ndani ya fremu bila mtu kujua. Mama alipokuja kuitoa picha aikaushe, ilikuwa imegandana na kioo. Aliibandua polepole, pumzi ameibana. Kola ya shati ilitoka salama, mabega yakatoka. Uso ulibaki kwenye kioo, ukawa tope la rangi.

Bibi hakulia. Alikipangusa kioo kwa upindo wa kanga, akairudisha fremu ukutani ikiwa tupu, akaendelea kuchambua mchele. Lakini baada ya siku chache, Kifutio alipokuwa akimsuka nywele, bibi alisema kwa sauti ya chini:

"Mjukuu wangu, nikwambie kitu, usimwambie mama yako. Sauti ya babu yako ninayo mpaka leo. Akikohoa hapo nje nitamjua. Ila uso unaniponyoka. Nikifumba macho naona shati tu."

Vidole vya Kifutio vilisimama katikati ya msuko.

"Wewe unajua kuchora," bibi aliendelea. "Nichoree huo uso, kabla haujapotea wote."

Sasa, mwaka ule mwalimu wao wa sanaa alikuwa amewafundisha kanuni za kuchora uso. Chora kichwa kama yai, aliwaambia, kigawe katikati, na macho yalingane, yakae kwenye mstari huo wa katikati. Kati ya jicho na jicho paachwe nafasi ya kutosha jicho jingine. Sikio lianzie usawa wa nyusi, liishie usawa wa ncha ya pua. Kifutio alizipokea kanuni hizo kama mtu aliyewashiwa taa. Watu aliowachora zamani walikuwa na vipaji vya uso vifupi kana kwamba kizingiti cha mlango kimewapunguza. Tangu siku ile walipona.

Kwa hiyo alichukua rula. Aligawa, akapima, akapima tena. Alipofika kwenye jicho la kushoto, mkono wake ulilichora dogo kuliko la kulia, limebanwa kidogo. "Aa, nimekosea," alijisemea, akalifuta, akalichora sawa na mwenzake. Kichwa nacho kilitaka kulala upande. Akakifuta, akakinyoosha kwa rula.

Bibi alivaa miwani, akaishika karatasi mbali, kisha karibu. 

"Kijana nadhifu sana huyu," alisema kwa upole. "Ni mmoja wa walimu wenu?"

"Anafanana na yule wa kwenye boksi la sabuni!" mdogo wake alidakia. Hakujua kwamba dada yake alikuwa akimeza machozi.

Kesho yake Redio alisikiliza habari yote, jambo lisilo la kawaida kwake, kisha akatoa hukumu. "Kanuni ndizo zilizokuharibia. Mimi sifuati hata moja."

"Ndiyo maana ng'ombe wako wana magoti ya watu."

"Lakini wana furaha, au uongo?"

Walicheka, ila neno hilo lilimwingia Kifutio. Jioni alitupa rula kwenye droo. Alifumba macho, akamkumbuka babu mezani: jinsi alivyoinamisha kichwa upande, kana kwamba saa inamnong'oneza siri za mwenyewe. Alichora harakaharaka bila kufuta hata nukta.

Safari hii bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Masikini mume wangu! Macho yamempanda kwenye kipaji! Miwani angeivaa kama kofia!" Halafu kicheko kilikatika. Kidole chake kilishuka taratibu, kikatulia chini ya kidevu. "Hapa," alisema. "Hii shingo naijua."

 Bibi aliigusa ile shingo ya penseli kama mtu anayegusa mgongo wa mtoto aliyelala. Kisha alimrudishia karatasi. "Uso bado, mama. Uso bado."

Asubuhi Kifutio alizipeleka karatasi zote mbili kwa mwalimu wa sanaa, mama mmoja mpole aliyekuwa na vumbi la chaki nyweleni siku zote. Alimweleza kila kitu, akamalizia, "Mwalimu, nikifuata kanuni nampata mtu mwingine. Nikifuata moyo napata kituko. Bora niache."

 Mwalimu alizipeleka zile karatasi dirishani, akazipandisha moja juu ya nyingine, akazibana kwenye kioo kwa viganja. Jua la asubuhi lilizipenya.

Kifutio alisogea, akasahau hata kufunga mdomo. Nyuso mbili zilikuwa zimeingiana zikawa kama moja inayopumua. Na kulikuwa na cha ajabu zaidi. Kila alichokifuta kwenye karatasi ya kwanza kilikuwa bado kipo! Penseli ilikuwa imekwaruza karatasi, na mwanga uliiinua mikwaruzo ile kutoka mafichoni. Ndani ya jicho la kushoto lilionekana jicho jingine, jembamba, dogo, limebanwa, linamtazama.

"Hili nani alilifuta?" mwalimu aliuliza.

"Mimi. Nilikosea. Ulisema macho hulingana."

"Nilisema. Na ya babu yako yalilingana?"

 Kifutio alikikumbuka kile kioo kidogo cha kukuzia vitu, chenye ukingo mweusi, ambacho babu alikibana jichoni akifanya kazi. Alikibana tangu ujana wake. Hata alipokitoa na kuja kula, jicho lile lilibaki limefinywa, kama la mtu aliyesikia mzaha na hataki kusema. Kila siku ya utoto wake Kifutio alikuwa akiliona, lakini hakuwahi kuliwaza. Mkono wake ulikuwa umelijua kabla yeye hajajua.

"Kumbe kanuni ni uongo?" alinong'ona.

"Na hayo macho ya kwenye kipaji atayashusha nani?" Mwalimu alitabasamu. "Mwanangu, mimi niliwafundisha uso wa watu wote. Uso huo hutakutana nao njiani hata siku moja. Niliwapa ili mjue mtu mnayemchora ameachana nao wapi. Pale anapoachana nao, ndipo alipo yeye. Nenda ukachore. Wala usiniletee mimi. Mpelekee mwenyewe."

Jioni ile, mezani kwa babu, Kifutio alianza na mistari ya kanuni, akaichora hafifu mno. Macho aliyashusha mahali pake. Kisha aliuachia mkono. Kila mkono ulipouvuta mstari kando, hakukimbilia kufuta. Alisimama akauliza, "Babu, ulikuwa hivi?" Mara nyingine mkono ulishinda, kama kwenye shingo na lile jicho. Mara nyingine kanuni ilishinda: sikio lilikuwa limepanda juu mno, akalikubali kosa, akalishusha. Alikwenda hivyo, akipima na kukumbuka, mpaka akatia kivuli kidogo chini ya jicho la kushoto.

Na babu akaja.

Hakukuwa na neno jingine.  Pasipo kufikiri, Kifutio aliinuka kitini, kama mtoto anavyoinuka mkubwa akiingia, na mdomo wake wenyewe ukasema, "Shikamoo, babu."

"Nani kaja?" mdogo wake aliuliza kutoka mlangoni. Alikaribia, akaiona karatasi, na yeye ambaye babu alimwacha akiwa mchanga alizungumza kwa kunong'ona. "Ndiye huyu?"

Bibi aliitwa. Aliipokea karatasi, mkono mwingine ukaenda mdomoni. 

"Jicho hili," alisema. "Siku ya kwanza nilimpelekea saa ya baba yangu, akainua kichwa akanikonyeza. Nikasema, huyu fundi hana adabu! Kesho yake nikarudi makusudi nimkemee. Kumbe ni kazi ndiyo iliyomfinya jicho." Alicheka huku machozi yakimtiririka. "Nikaendelea kumkemea mpaka akanioa."

Mama aliitia picha kwenye fremu, wakaitundika kwenye ukuta mwingine, mkavu. Ndipo bibi alipomvuta Kifutio akae karibu yake.

"Babu yako alisomea ufundi wake," alisema. "Kila gurudumu alijua jina lake na mahali pake. Lakini kabla hajaifungua saa, aliiweka kwanza sikioni, akatulia. Nikamwuliza, mzee, unasikiliza nini na wewe umesoma? Akaniambia, sikio linaniambia saa inaumwa wapi, na mafunzo yananiambia nianze kufungua wapi. Nikiacha kimojawapo, nitaiharibu saa ya watu. Na wewe shika hivyohivyo, mjukuu wangu. Jifunze kwa bidii yote anayokufundisha mwalimu. Ila mkono wako ukikwambia kitu, usikifute kabla hujausikiliza."

"Nimesikia, bibi." Kifutio alisita kidogo. "Bibi, hebu fumba macho. Unaona shati?"

Bibi alifumba macho. Tabasamu likamjia taratibu usoni.

"Ananikonyeza," alisema.