Plaketi Moja kwa Mwezi

—Moya tu?

Arlette, muuza dawa wa mji wa Baraka, aliniangalia kama nimekuja kununua kiatu cha mguu mmoja. Nikamwambia ndiyo, plaketi moja ya vidonge, ni ya mke wangu Solange, mama wa binti yetu Émilienne, mwenye kansa ya titi. Dola nane kwa mwezi, nayajua hayo vizuri, hela nazituma mwenyewe kutoka machimbo ya Lulimba.

—Papa Émilienne, plaketi iko na bidonge kumi. Mama anapashwa kunywa kimoya kila siku. Ya mwezi ni plaketi tatu, dola makumi mbili na ine.

Nikakaa kwenye benchi. Siku ya kwanza niliuliza bei kwa simu, nikaambiwa plaketi ni dola nane, nikakata. Sikuuliza inatosha siku ngapi. Kule machimboni nilijisifu kwa wenzangu kwamba mke wangu hakosi dawa, mjinga mimi.

Nilifungua simu. Ujumbe wa Solange wa mwezi wa pili wa dawa ulikuwa bado upo: “Papa Émilienne, hela ya dawa haitoshi. Ongeza kidogo.”

Na jibu langu chini yake: “Dawa ni dola nane. Ingine unapatia mwanaume gani?”

Hakuomba tena. Na mimi nikajiona mwerevu, nimemkamata. Miezi minane ilipita hivyo, mpaka juzi daktari aliposema uvimbe umekua, ndipo nikapanda pikipiki kuja.

Nilinunua plaketi tatu, nikampelekea nyumbani. Alizitazama bila kuzigusa.

—Ulikuwa unakunywa namna gani, Solange?

—Leo kimoya. Kesho na kesho kutwa napumzika.

—Juu ya nini haukuniambia?

—Nilikuambia. We ukaniuliza jina ya mwanaume.

Nampenda huyu mwanamke tangu akiuza mihogo kule Mboko, na maneno mazuri ninayo mengi. Siku hiyo lilitoka moja tu.

—Unisamehe.

Alimeza kidonge kimoja mbele yangu, akanipokonya shati langu chafu, akaenda kulifua.

Asubuhi nilimletea maji na kidonge. Akasukuma mkono wangu taratibu, amezoea.

—Ya leo hapana, nilikunywa jana.

Kisha akakumbuka sasa plaketi ni tatu, akanitazama, akafungua kiganja. Nikakiweka kidonge, na sikuweza kumwangalia machoni.