Ukurasa wa Karani wa Maji

Fyuu, fyuu, kisha kimya. Mfereji wa uani ulipumua hewa gizani, kabla ya jogoo wa kwanza. Kananu aliusikia akiwa amelala, mtoto mchanga kifuani, akatabasamu: maji hayo yanakuja. Mumewe Kirimi ndiye karani wa mradi wa maji wa kijiji. Nani apate maji, boma la karani likose?

Alipoufungua, halikutoka hata tone.

Wazazi wenzangu, mnazijua sheria za miradi yetu huku Meru. Kila mwanachama ana zamu ya kupanda hadi kwenye chanzo msituni kutoa matope. Ukikosa zamu tatu, mfereji wako unafungwa, uwe karani au padri. Na mwaka huo wa 1998, baada ya mvua ya El Nino, matope hayakuwa ya mchezo.

Kirimi alikuwa amezikosa zote tatu. Alikuwa mjini Makutano.

Huko, ghorofani juu ya duka la mbegu, Mwalimu Danilo, Mfilipino wa kujitolea, aliwafundisha vijana sita, Kirimi akiwamo, kutengeneza kurasa za intaneti. Nchi yake ilikuwa inatimiza miaka mia moja tangu itangaze uhuru, naye akawaonyesha ukurasa alioutengenezea mji wao: bendera, gwaride, picha za mababu. Kirimi alirudi nyumbani macho yakimwaka.

"Mama Igoki, hata sisi tutaonekana na dunia!"

"Itatuona wapi, Baba Igoki?"

"Kwa kioo cha kompyuta. Disketi yenye ukurasa wa kijiji ikifika Nairobi tu."

Kananu hakuelewa. Ingekuwa mumewe amechukuliwa na mwanamke mwingine, angeuliza jina lake. Kioo je, angekishtaki kwa nani?

Wiki zikapita. Igoki, binti yao wa miaka minane, akawa wa kushuka mtoni na mtungi kila asubuhi, akifika shule kengele imeshalia. Barua ikaja: akiendelea hivyo, atarudia darasa. Kirimi aliisoma amesimama. "Nikimaliza ukurasa," akasema, akatoka.

Siku hiyo Kananu alimfunga mtoto mgongoni akamfuata Makutano. Alipanda ngazi, akasukuma mlango, na pale kwenye kioo akaliona boma lake mwenyewe! Mlango wa buluu, migomba, mfereji ukimwaga maji. Akasoma polepole, kwa elimu yake ya ngumbaru: *Kila boma lina maji.* Hili boma ni langu au la nani?

"Mama, maji yenu ni matamu?" Danilo akamuuliza kwa furaha.

"Mwalimu, yamefungwa wiki ya sita. Sijui niamini kioo ama niamini mtungi."

"Karani, leo umeumbuka!" vijana wakacheka. Kirimi akatazama viatu vyake.

Danilo hakucheka. Alizima kompyuta. "Kwetu jirani akihama, tunabeba nyumba yake mabegani. Wanaume ishirini."

"Nyumba nzima?" Kananu alizidi kuchanganyikiwa. "Na sufuria ndani?"

"Ni ya mianzi, mama. Hiyo ndiyo fahari yetu. Bendera inakuja baadaye. Kirimi, chanzo kiko wapi?"

Alhamisi walipanda wote saba na majembe. Mzee Rwamba, mwenyekiti wa mradi, aliwaona kwa mbali.

"Karani! Kompyuta imekutapika?"

"Imenitapika, mzee."

"Basi ingia matopeni. Zamu tatu ni siku tatu. Na huyo mgeni mshikilieni asizame, ubalozi utatuuliza!"

Jioni ya siku ya tatu, Mzee Rwamba mwenyewe akafungua maji yao.

FUNZO

Ndugu zangu, kupenda kijiji chenu si kosa, na kutaka kujulikana si dhambi. Kosa ni kuipamba sifa ya kijiji huku mtoto wako ndiye anayeilipia. Uraia mwema huanza na zamu yako, hata kama ni ya matope na hakuna anayekupiga picha. Na wewe mzazi, kabla hujauliza dunia inakuonaje, mtazame aliye mlangoni pako.

Kirimi aliyafuta maneno yale ya *Kila boma lina maji*. Jumapili, baada ya kanisa, akamketisha Igoki karibu naye, kalamu mkononi, akamuuliza sasa aandike nini chini ya picha ya boma lao. Igoki akafikiri.

"Andika kwamba nilichoka."