Karatasi Ndani ya Ngozi

Kila alfajiri Nurto alikama ngamia. Maziwa yalikuwa machache. Ulikuwa mwaka wa 1967, wakati wa vita, na malisho mazuri yalikuwa ng'ambo ya kizuizi cha askari, nje ya Garissa. Kupita kulihitaji kibali.

Yarow, mumewe, alikuwa nacho. Lakini maskini Yarow! Kwao, karatasi yenye maandishi matakatifu hushonwa ndani ya ngozi na kuvaliwa shingoni kama hirizi. Naye akaishona ya serikali vivyo hivyo. Hakujua kuwa ina tarehe ya mwisho.

Siku moja, kizuizini, askari aliipasua ngozi kwa kisu.

"Kibali hiki kilikwisha wiki mbili zilizopita!"

"Bwana, karatasi si iko hapa? Mimi natunza yeye vizuri."

"Mjinga wewe!"

Ngamia tisa aliokuwa nao wakachukuliwa. Wakabaki wawili tu, waliokuwa nyumbani.

Siku tatu Yarow hakula. Nurto alijaa uchungu. Akamwendea jirani yao Arbia, aliyefanya kazi dispensari.

"Dada, mume wangu ameitwa mjinga. Kweli hana akili?"

"Akili anayo. Mjinga ni mtu ambaye hajajua jambo. Sote tulizaliwa wajinga. Anayeambiwa akakataa kusikia, huyo ndiye mpumbavu."

"Na dawa ya ujinga?"

"Ni kuuliza. Kuuliza si ujinga, Nurto. Hebu kaa hapa."

Arbia akachora tarakimu mchangani, moja mpaka thelathini na moja. Nurto alipozijua, akaenda kumfundisha Yarow. Yarow akanuna.

"Nifundishwe na mke, na ndevu zangu hizi?"

"Ndevu hazisomi, baba Amran."

Yarow akacheka kidogo, kisha akachukua kijiti.

Walipata kibali kipya. Hicho hawakukishona. Kila asubuhi walikifungua na kuhesabu siku zilizobaki. Kisha wakaenda kizuizini pamoja.

"Kinakwisha lini?" askari akauliza.

"Tarehe kumi na nne," Yarow akajibu. "Leo ni kumi na moja. Kesho kutwa sisi narudi."

Askari akakisoma, akainua mti wa kizuizi.

Ngamia wawili wakapita. Nurto alifurahi, lakini machozi yalimtoka. Maana njia nzima Yarow aliwaita wale tisa kwa majina yao, mmoja mmoja, naye Nurto hakumkataza.